Nilikaanga kahawa Krismasi, shemeji akaona najionesha

*"Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu, nina miaka 41, naishi Moshi mjini na mume wangu na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilijifunza kukaanga kahawa mwenyewe nyumbani, nikaipenda mno. Nina kikaango cha chuma, kipimajoto, mizani ndogo na mashine ya mkono ya kusagia. Krismasi tulipopanda kwa wakwe Kibosho nilibeba vyote, nikakaanga mbele ya familia huku nawaeleza kila hatua. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye anayelima kahawa ya kihamba, shamba la ukoo. Alipotaka kuweka sukari nikamwambia, 'Shemeji, ukiweka sukari unaua ladha yote.' Akarudisha kijiko kwenye bakuli, akasema, 'Sisi tumelima kahawa tangu babu, leo tunafundishwa kuinywa.' Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo hanipigii simu. Wifi yangu akaandika kwenye kundi la familia kwamba kuna watu wanajimwambafai. Mume wangu amesema Pasaka nisibebe kitu. Mama, sikuwa na nia ya kuringa, nilitaka tu waone ninachokipenda. Siku hizi hata nyumbani sikaangi kama zamani. Nikiweka picha kwenye stetasi nahesabu walioangalia, na wakiwa wachache naona kama kahawa yenyewe haikutoka vizuri. Je, nilikuwa najionesha, au wana wivu? Niache?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Ndani yake naona maswali mawili. La kwanza ni la Krismasi, nalo umeliuliza wazi. La pili umelipitisha haraka mwishoni, lile la kuhesabu walioangalia, na mimi hilo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Nitayajibu yote.

Kuhusu Krismasi nakujibu bila kuzunguka. Ulipowasha moto ulikuwa unawashirikisha. Ulipofika kwenye kijiko cha sukari ulikuwa umeshavuka. Mambo hayo mawili yalitokea ndani ya saa moja, kwa mtu yule yule mwenye nia ile ile njema. Ndiyo maana unajichunguza na hulioni kosa, na ndiyo maana shemeji naye anaona kosa tupu.

Kwanza niviondolee lawama vifaa vyako. Watu wengi hupima majivuno kwa bei: mwenye baiskeli ya gharama anajionesha, mwenye ya kawaida ana unyenyekevu. Si kweli. Namfahamu mzee mmoja hapa mjini anayefuga njiwa wa aina aina, na baadhi yao wamemgharimu fedha nyingi. Ukimtembelea, kabla hujakaa sawasawa ameshakuwekea njiwa mikononi, anakuonesha namna ya kumshika ili mabawa yasiumie, na macho yake yako kwa yule ndege. Sijawahi kusikia jirani akimsema vibaya. Mizani yako na kipimajoto chako havikumkwaza mtu. Mume wako akidhani tatizo ni mzigo ulioubeba, basi mnaweza kuuacha mzigo na tatizo likapanda nanyi Kibosho vilevile.

Sasa hili la nia. Unaniambia hukuwa na nia ya kuringa, nami nakuamini. Lakini nia yako unaijua wewe peke yako. Aliyekaa mbele yako anapokea maneno, sauti na muda uliouchukua. Tunapokisimulia kitu tunachokipenda, tunakisia furaha ya msikilizaji kwa kuangalia furaha iliyomo ndani yetu wenyewe. Irene Scopelliti, George Loewenstein na Joachim Vosgerau walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2015. Waliwauliza watu waliojisifu wanadhani waliowasikiliza walijisikiaje, wakalinganisha na walichosema wasikilizaji wenyewe. Wenye kujisifu walikuwa wamekadiria kwamba wenzao watafurahi na kuona fahari kuliko ilivyokuwa, na kero waliyoisababisha waliikadiria kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Hawakuwa waongo. Walikosa tu habari kutoka upande wa pili. Nawe siku ile ulikuwa umejaa shauku, na mtu aliyejaa shauku hawezi kusoma nyuso.

Sasa nije kwa shemeji, maana hapa nataka twende polepole.

Unauliza kama ana wivu. Neno hilo hutufunga macho, kwa sababu tukishamwita mtu mwenye wivu hatumsikilizi tena. Mwanasaikolojia wa Marekani Abraham Tesser alieleza katika miaka ya 1980 jambo ambalo mimi nimeliona kwenye familia nyingi za hapa. Mtu wa karibu akifanya vizuri katika jambo ambalo si letu, ukaribu hutupa fahari. Akifanya vizuri katika jambo ambalo ndilo utambulisho wetu, ukaribu ule ule ndio unaouma. Ungekuwa umebeba vitambaa vya kufuma, shemeji yako angewaambia majirani kwa kujidai, "Huyu ni mke wa mdogo wangu." Lakini ulibeba kahawa, ukaipeleka Kibosho, kwenye nyumba ya mtu ambaye jina lake kijijini ni kahawa.

Mimi nimekulia kwenye kihamba upande wa Uru. Kwetu kahawa haikuwa kinywaji, ilikuwa ada ya shule. Tulichuma beri nyekundu moja moja, kikapu kimefungwa kiunoni, na mama alikuwa akipitisha mkono ndani kuhakikisha hatujachanganya mbichi. Jioni zilimenywa, zikalowekwa, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye chanja, na wingu likijikusanya juu ya mlima tulikimbia wote kwenda kufunika, hata usiku. Baba alipopiga dawa ya mrututu kuzuia chulebuni, ugonjwa unaoozesha beri za kahawa, na kutu ya majani, migomba iliyosimama katikati ya mibuni ilibaki na madoa ya bluu, na mikono yake pia. Kisha tukaingia ndani tukanywa chai. Kahawa yetu iliondoka kwenye gunia, na baada ya hapo hatukujua ilionjwa na nani.

Shemeji yako anazifahamu kazi hizo kuliko mimi. Huenda anaikumbuka pia miaka iliyofuata 1989, makubaliano ya kimataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalipovunjika na bei zikaanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya na migomba mitupu. Wako walioibakiza kwa ukaidi na kwa heshima ya baba zao. Kama yeye ni mmoja wao, jua kwamba mibuni ile imemgharimu. Ujuzi wake uko mikononi: anajua lini apogoe, tawi gani limechoka, beri ipi ikibanwa kidogo itatoa utelezi mtamu. Hakuna aliyewahi kumkalisha sebuleni siku ya Krismasi akamwambia, tueleze. Kisha ukaja wewe na kipimajoto, watoto wake wakakuzunguka, ukaeleza. Siku ile sebuleni palikuwa na wataalamu wawili wa kahawa, na aliyepata nafasi ya kuzungumza alikuwa mmoja.

Hata hivyo nadhani hadi hapo alivumilia. Pengine alifurahi. Kilichomvunja ni kijiko.

Jaribu kukirudia kile kipande kwa macho yake. Mtu mzima yuko kwenye nyumba ya wazazi wake, mbele ya mama yake na watoto wake. Mkono umeshachota sukari, kijiko kiko hewani. Mke wa mdogo wake anamwambia asiweke. Afanyeje? Akiweka, ataonekana mshamba. Asipoweka, amekatazwa sukari kwao. Alirudisha kijiko, akatoa neno la kumwokoa, mkacheka. Kicheko kile, mwanangu, kilikuwa cha watu wanaomsaidia kutoka.

Hapo ndipo tofauti unayoiuliza ilipo. Unapomshirikisha mtu kitu chako, unamkabidhi, naye anaweza kukitumia apendavyo, hata kwa namna ambayo wewe usingeitumia. Unapojionesha, kitu kinabaki mkononi mwako na yeye anabaki kukiangalia, na akikosea kukiangalia unamsahihisha. Kikombe ulikuwa umeshampa. Ulipomzuia sukari ulikichukua tena. Kuhusu ladha huenda una haki, maana kahawa iliyokaangwa kwa uangalifu ina utamu wake unaofunikwa haraka. Lakini hakuwa amekuuliza.

Ukitaka kuona namna nyingine, nenda Materuni, si mbali na mjini. Wageni wanaokuja kuona maporomoko hupelekwa pia kwenye kahawa, na wenyeji hawaishii kuwahutubia. Mgeni hupewa mchi. Anatwanga huku wimbo unaimbwa, anakosea mapigo, wanacheka pamoja, anageuza buni kwenye chungu mpaka moshi unamwingia machoni, anapewa kikombe. Anaondoka akisema kahawa aliikaanga yeye. Wewe Krismasi ulikaanga peke yako kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mashine ya mkono hakuizungusha hata mtoto mmoja, au kama alizungusha hukuniandikia. Watoto wanapenda sana kuzungusha vitu.

Sasa nikuonye kuhusu njia ambayo wengi huikimbilia baada ya kusemwa. Huanza kujishusha kwa maneno: "Aa, mimi sijui kitu, nabahatisha tu, hata hii imetoka vibaya," huku wakingoja mtu aseme imetoka vizuri. Au hulalamika: "Nimechoka, kila mtu ofisini anataka nimkaangie kahawa." Ovul Sezer na wenzake walilichunguza hili katika utafiti uliotoka 2018. Waligundua kwamba kujisifu kulikovikwa malalamiko au unyenyekevu huwachukiza watu kuliko kujisifu kwa wazi, kwa sababu husikika kuwa si kwa kweli. Kwa hiyo usiende Kibosho ukajifanya hujui kukaanga. Unajua. Sema, "Naipenda kazi hii, imenichukua miaka mitatu," na watu wataichukua vizuri kama utasimama hapo.

Wala sikushauri uifiche. Shelly Gable na wenzake mwaka 2004 walionesha kwamba mtu anapomsimulia mwingine jambo zuri lililompata, furaha huongezeka juu ya ile iliyoletwa na jambo lenyewe, hasa msikilizaji akilipokea kwa moyo. Kitu unachokipenda peke yako gizani huanza kupungua uzito. Unamhitaji mtu wa kumwambia. Suala ni yupi, na kwa namna gani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye stetasi zako.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lao na watoto wa shule ya awali huko Marekani, watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama watachora. Wengine walipewa cheti kwa ghafla baada ya kuchora, bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Wiki chache baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila zawadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda waliochora wenzao. Waliopewa kwa ghafla hawakupungukiwa. Sisi husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wengi huitumia methali hiyo kuwanyima watu sifa. Watoto wale wanatuonesha jambo la ndani zaidi kidogo: cheti chenyewe hakikuwadhuru, kiliwadhuru kule kukingoja. Walianza kuchora kwa ajili ya cheti, na cheti kilipoondoka hakikubaki cha kuchorea.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba walioangalia wakiwa wachache unaona kahawa haikutoka vizuri. Isome tena sentensi hiyo. Ulimi wako umeshaonja, pua yako imeshanusa, lakini hukumu unaingoja kutoka kwenye simu. Huyu si yule mtu aliyeanza miaka mitatu iliyopita. Na nadhani ndiyo sababu Krismasi ulihitaji sana wakubali, ukashindwa kuvumilia hata kijiko kimoja cha sukari. Aliyeshiba haumii akiona mwenzake anakula kwa namna yake.

Ningependa ukaange mara sita zijazo bila picha. Weka simu chumbani. Sikiliza buni zinapokaribia nyuzi 200 na kuanza kupasuka kama bisi, peperusha maganda, iache kahawa ipumzike siku mbili tatu, kisha unywe na mume wako au peke yako. Baada ya mara sita utajua kama bado unaipenda. Mimi nadhani utaikuta pale pale ulipoiacha. Lakini ukigundua kwamba bila watazamaji haina ladha, hilo nalo ni jibu, na hakuna aibu kuweka kikaango chini na kutafuta kitu kingine.

Turudi kwa shemeji. Unaweza kunyamaza mpaka muda upite, na katika familia nyingi mambo madogo huisha hivyo. Sikupendekezei, kwa sababu ameshaacha kukupigia simu, na kimya cha namna hii huwa kinakusanya mambo mengine. Unaweza kumpigia simu. Ni bora kuliko kimya, ila kwa mtu aliyeumizwa mbele za watu naona ni kidogo. Ningekuwa wewe ningepanda Jumamosi moja na mume wangu, kabla ya Pasaka. Jambo lenyewe halijafikia kiwango cha kupeleka masale, lile jani la kuombea msamaha Uchaggani, lakini linastahili miguu yako. Mwambie, "Shemeji, siku ile nilikukataza sukari nyumbani kwenu mbele ya watoto. Nilikosea." Ishia hapo. Usieleze habari za ladha. Usiseme "kama nilikukwaza", maana unajua ulimkwaza.

Akipokea, muulize kuhusu kahawa yake, na uulize kwa sababu hujui: mwaka huu aliianika siku ngapi, mibuni ipi ni ya babu na ipi ni miche mipya, chulebuni ilimsumbua kiasi gani. Kisha omba kilo mbili za buni zake, ulipe bei ya haki. Chama cha ushirika cha KNCU kimekuwapo tangu 1933 na mnada wa kahawa uko hapa hapa Moshi, lakini wakulima wengi wa mlima huu hawajawahi kuonja kahawa ya shamba lao wenyewe ikiwa imekaangwa vizuri. Wewe unaweza kumpa shemeji yako jambo hilo, na wapo wachache wanaoweza. Ukimkaangia, mwachie mwiko ageuze mwenyewe, na yeye ndiye aseme itoke lini. Kama atataka iwe nyeusi kuliko unavyopenda, iwe nyeusi. Inawezekana pia akakataa yote, akakupa kiti na chai na kuzungumza mambo mengine. Kubali chai hiyo, unywe, urudi nyumbani.

Wifi yako usimjibu kwenye kundi. Hata neno moja.

Na mume wako, kabla ya kumtii au kumbishia, muulize aliona nini usoni kwa kaka yake siku ile. Yeye alikuwa amekaa upande mwingine wa sebule na anamfahamu tangu utoto. Nadhani anakulinda kwa njia pekee aliyoifikiria. Lakini kama amri ya kutobeba kitu ni sehemu ya amri nyingi, kama anakupangia marafiki, fedha zako na unakokwenda, basi hatuzungumzii kahawa tena, na hapo tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana: ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mnasihi wa ndoa unayemwamini kanisani kwenu. Fanya hivyo pia kama chini ya neno la shemeji kuna jambo la kihamba, nani kaachiwa na nani kanyimwa. Kahawa mara nyingi hubebeshwa ugomvi wa ardhi, na ugomvi huo unataka wazee wakae. Na kama umeacha kukaanga kwa sababu hakuna tena kinachokufurahisha, usingizi umepotea, chakula hakipiti, na hali hiyo imezidi wiki mbili, usingoje Pasaka. Nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC uzungumze na daktari wa afya ya akili. Barua yako hainioneshi kwamba umefika huko, lakini barua haina uso.

Kama Jumamosi hiyo itakwenda vizuri, Pasaka beba kikaango na ile mashine ya kusagia, wape watoto waizungushe. Mizani na kipimajoto viache mjini. Na umpelekee mama mkwe sukari, kilo mbili, uiweke mezani wewe mwenyewe kabla kahawa haijamiminwa.